Sura ya Saba: Hewa Nzito ya Changamwe

Gari la zamani likitoka gereji ya Nairobi likiwa zima kabisa, huweza kufika Changamwe linaumwa. Njiani hakuna kilichovunjika. Plagi ni zilezile, petroli ni ileile, na dereva hakulitesa. Kilichobadilika ni hewa. Nairobi imekaa kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, na huko mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 82 tu ya ule wa usawa wa bahari. Barabara inapoteremka kupita Mtito Andei, Voi na Mariakani, kila silinda humeza hewa nyingi zaidi kwa kila mvuto, na kabureta haiongezi petroli kwa kiasi kinacholingana na hewa hiyo. Gari la kisasa lina kompyuta inayoliona jambo hilo na kulisahihisha. Peugeot ya 1965 haina. Mchanganyiko hupungukiwa petroli, injini huchemka, na ukikanyaga mafuta kwenye mlima wa Changamwe baada ya kuvuka Makupa ukitoka kisiwani, husikika mlio mkavu wa kugongagonga ndani ya chuma. Ukiupuuza mlio huo wiki mbili tatu, pistoni hutoboka, na mtaa mzima utaambiwa injini imenoki.

Dawa ya kwanza ni ndogo kuliko ukucha. Jeti ya kabureta aina ya Weber iliyoandikwa 130 ina tundu la milimita 1.30. Tofauti ya hewa kati ya Nairobi na Mombasa huhitaji petroli zaidi kwa takriban asilimia 8, na tundu la milimita 1.35 ndilo linalotoa kiasi hicho. Milimita 0.05! Asiye na duka la jeti karibu huipanua ile aliyo nayo kwa keekee nyembamba ya kuzungusha kwa vidole, na akipitiliza, hulijaza tundu kwa lehemu na kuanza upya. Hapo tayari ametengeneza kipuri cha kuongeza nguvu kwa mikono yake, na kazi yenyewe imetoshea kwenye kiganja.

Vitabu vya Ulaya vinavyofundisha namna ya kuipa nguvu injini ya zamani viliandikwa na watu wanaoishi kwenye baridi, wenye duka la vipuri umbali wa simu moja. Yaliyomo ni kweli, lakini hayatoshi. Hayasemi lolote kuhusu joto la nyuzi 32 na unyevu wa Machi, kuhusu chumvi inayokula ekzosi, wala kuhusu injini ambayo mwenye nayo anataka ikimbie vizuri pwani Ijumaa na Nairobi Jumatatu. Kwa hiyo fundi wa bara ya Mombasa anayetengeneza vipuri vya kasi hafanyi hivyo kwa ubahili peke yake. Mara nyingi kipande anachokihitaji hakimo katika katalogi yoyote.

Bara hiyo, yaani sehemu ya mji iliyo nje ya kisiwa, ina pande tatu. Likoni iko kusini, ng'ambo ya kivuko. Kisauni iko kaskazini, ng'ambo ya Daraja la Nyali lililofunguliwa 1980. Changamwe iko magharibi, na ndiyo inayopokea malori mengi yatokayo bandarini kuelekea Nairobi na Kampala. Malori ndiyo yanayolipa kodi ya karakana. Mashine ya kukereza iliyoko Changamwe au Magongo huishi kwa kazi za hafushafti, ngoma za breki, krenki za dizeli na bushi za trela. Gari la kale linaloletwa na mzee mmoja mwenye mapenzi yake huingia katikati ya foleni hiyo, na mara nyingi husubiri. Lakini ni mashine hiyohiyo, ya lori, inayolifaa.

Ujuzi wenyewe ulikuja na reli. Ujenzi wa Reli ya Uganda ulianzia Mombasa mwaka 1896, na kati ya maelfu ya watu walioletwa kutoka Bara Hindi walikuwemo mafundi wa Punjab, wahunzi na maseremala, ambao Waswahili waliwaita Makalasinga. Baadhi yao walibaki, na wana wao wakageukia magari. Bandari nayo ilifundisha kwa njia yake. Meli ikiharibika haiwezi kungoja kipuri kutoka Glasgow, kwa hiyo lazima mtu akikereze hapa hapa. Kisha ikaja shule: Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyojulikana kwa kifupi cha MIOME, ilianza kufundisha ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1950, na leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Miaka ya 1970 kiwanda cha kuunganisha magari cha Associated Vehicle Assemblers kikaanza Miritini, hatua chache kutoka Changamwe. Reli, meli, shule na kiwanda, vyote ndani ya kilomita chache. Haishangazi kwamba kijana wa Mikindani huweza kushika maikromita kabla hajajua kuendesha gari.

Kilichowatia watu hamu ya kasi ni Safari Rally. Mashindano hayo yalianza 1953, na kwa miaka 20 karibu hakuna dereva kutoka nje ya Afrika Mashariki aliyeweza kuyashinda, mpaka Hannu Mikkola alipokuja na Ford Escort mwaka 1972. Kabla yake viwanda vya Ulaya vilileta magari mapya na timu nzima za makanika, na mara nyingi vilishindwa na watu wenye gereji zao wenyewe. Bert Shankland, Mskoti aliyeishi Dar es Salaam na kufanya kazi ya magari, alishinda 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alishinda 1965 akiwa na nduguye Jaswant kwa Volvo PV544 iliyokuwa mtumba: gari lililokwisha kushindana mwaka uliotangulia mikononi mwa dereva wa Uswidi, Tom Trana. Joginder alilifungua akalifunga upya. Lilianza namba moja likamaliza namba moja.

Funzo walilolichukua mafundi wa mtaani kutoka kwa mtumba huo lilikuwa la kazi, si la sifa: injini iliyokwisha kuchoka huweza kufungwa ikawa bora kuliko ilivyotoka kiwandani, mradi anayeifunga ana subira ya kupima. Tofauti kati ya kiwanda na fundi makini ni kwamba kiwanda kinaruhusu mwanya wa makosa ili kitoe magari mengi kwa siku, na fundi ana injini moja tu mezani.

Chukua injini hiyo ya Peugeot 404. Ina cc 1,618 na silinda nne zenye kipenyo cha milimita 84. Gawanya kwa nne na utapata cc 404 na nusu kwa kila silinda, yaani jina la gari lenyewe, ingawa ni sadfa tupu. Ikiwa uwiano wa mgandamizo ni 8 kwa 1, chumba cha mwako ndani ya hedi kina kama cc 58. Sasa hedi ikikwanguliwa milimita 1, na tuseme chumba kina upana sawa na silinda, cc 5.5 zinatoweka na uwiano unapanda hadi karibu 8.7. Nguvu zaidi bila kununua chochote! Ndiyo maana kukwangua hedi ni jambo la kwanza ambalo kila kijana huliomba akifika kwa fundi.

Na ni jambo la kwanza ambalo fundi wa pwani hulikataa, au hulikubali kwa nusu yake. Uwiano wa mgandamizo ni hesabu ya ujazo tu, haijali hewa iliyoingia ilikuwa nzito au nyepesi. Injini yenye uwiano wa 9 ikiwa Nairobi huanza na hewa nyembamba na kuibana mara tisa. Ikiwa Likoni, huanza na hewa kamili ya baharini, tena yenye joto, na kuibana mara tisa hizohizo. Petroli ileile iliyovumilia kule hulipuka yenyewe huku kabla mwali wa cheche haujaifikia. Hedi iliyokwanguliwa kwa vipimo vya kitabu cha Uingereza, kwa petroli ya Uingereza na asubuhi ya Uingereza, ni hedi ya kuyeyusha pistoni.

Kipimo chenyewe ni kazi ya kupendeza kuitazama. Hedi hugeuzwa juu chini juu ya meza, valvu na plagi zikiwa mahali pake. Kipande cha plastiki ngumu inayopenya mwanga, kilichotobolewa tundu moja, hubandikwa juu ya chumba kwa grisi. Kisha bomba la sindano la mililita 60 kutoka duka la dawa hujazwa mafuta ya taa na kuyadondosha taratibu kupitia tundu lile mpaka chumba kijae bila povu hata moja. Namba iliyobaki kwenye bomba inaeleza kila kitu. Vyumba vinne vya hedi moja kutoka kiwandani ni nadra kulingana, na tofauti ya cc 2 haishangazi. Fundi huvipanua vile vidogo kwa kigrinda chembamba na msasa mpaka vyote vikaribiane ndani ya nusu cc. Nguvu inayopatikana hapo si kubwa sana, lakini injini hunguruma kwa utulivu, na kile chumba kilichokuwa kidogo kuliko wenzake, ambacho ndicho kingegonga kwanza, hakipo tena. Gharama ni bomba la sindano na mchana mzima.

Peugeot ina fadhila nyingine iliyoipendeza Afrika yote: silivu zake hutoka. Silinda si tundu lililochimbwa ndani ya bloku bali ni bomba la chuma lililosimamishwa ndani yake, huku maji yakilizunguka. Zikiisha, unazing'oa na kuweka mpya, bila kupeleka bloku kwenye mashine. Na anayetaka nguvu ana mlango hapo hapo. Peugeot 504 ya awali ilikuwa na silinda za milimita 84 na cc 1,796. Ile iliyofuata ilikuwa na milimita 88 na cc 1,971, na mwendo wa pistoni ukabaki milimita 81. Milimita 4 za upana zikazaa cc 175. Kwa kuwa 504 ziliendelea kuunganishwa Kenya hadi 2004, vipuri vyake vimetapakaa katika kila rundo la skrapu. Mtego ni mmoja: silivu lazima ichomoze juu ya uso wa bloku kwa sehemu chache za mia za milimita, zote nne sawa. Ikizama, gasketi haibani na maji huingia kwenye mafuta. Hupimwa kwa rula ya chuma iliyonyooka na bamba za fila, na hurekebishwa kwa pete nyembamba zinazowekwa chini ya silivu. Hapo ndipo haraka imeua injini nyingi.

Kuna kipuri kingine kilichoanza kuhitajiwa kwa sababu ya siasa ya petroli, na Changamwe ilikuwa katikati ya kisa hicho. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kilianza kazi 1963 na kuzima mitambo yake 2013. Kwa sehemu kubwa ya umri wake, petroli iliyouzwa nchini ilitiwa risasi. Dawa hiyo iligunduliwa na Thomas Midgley wa kampuni ya General Motors mwaka 1921 ili kuzuia injini kugonga, na kwa miongo mingi watu walilipa kwa afya ya watoto wao. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiacha, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondoka. Ilistahili kuondoka. Ila iliondoka na kazi yake ya pili isiyotajwa sana: iliacha utando mwembamba kwenye viti vya valvu na kuvikinga.

Katika hedi za chuma cha kusubu ambazo viti vyake vimekatwa ndani ya hedi yenyewe, kama za Morris Minor na Ford Cortina za zamani, valvu ya ekzosi isiyo na kinga hiyo hugongana na chuma kitupu, tena chenye moto, na taratibu huzama. Nafasi ya valvu hupungua, kisha haifungi, kisha inaungua. Cortina GT ndilo gari lililoshinda Safari mwaka 1964, kwa hiyo si gari la kutupwa. Fundi hukata mfereji kwenye hedi, hukereza pete ya chuma kigumu iliyo kubwa kuliko mfereji kwa kama sehemu 8 hadi 10 za mia za milimita, hupasha hedi moto, hugandisha pete kwenye friza, na kuitumbukiza kwa pigo moja kabla joto halijahama. Ikikwama nusu njia, kazi imeharibika. Chuma cha pete ndio mjadala. Wengine hukereza kutoka viti vya injini kubwa za dizeli zilizokwisha kufa, ambavyo ni vigumu kuliko chochote cha gari dogo, na wazo hilo ni zuri kuliko linavyosikika. Maadam mtu anafungua hedi, huu pia ndio wakati wa kuweka valvu kubwa zaidi. Kipuri cha kurekebisha kinageuka kipuri cha kasi bila mtu kupanga.

Lakini kama kuna kazi ambayo bara ya Mombasa inaweza kushindana na yeyote, ni manifoldi ya ekzosi.

Ile ya kiwandani ni pande la chuma cha kusubu ambamo moshi wa silinda zote nne unatupwa kwenye chumba kimoja kifupi, na pumzi ya silinda moja huirudia nyingine usoni. Ya kasi ni mabomba manne yenye urefu sawa, yanayoungana mawili mawili kisha kuwa moja. Injini inayowasha kwa mpangilio wa 1-3-4-2 huunganishwa ya kwanza na ya nne, ya pili na ya tatu, ili mawimbi ya moshi yapishane badala ya kugongana. Wimbi likipangwa vizuri huacha nyuma yake mvuto unaosaidia kuisafisha silinda inayofuata. Hakuna katika hayo kinachohitaji kiwanda. Kunahitajika bomba, moto, tupa na macho.

Kwanza bamba. Kadibodi hukandamizwa juu ya uso wa hedi mpaka kingo za matundu zijichore, kisha hubandikwa kwenye bamba la chuma la milimita 10. Matundu hukatwa kwa kutoboa duara la vitundu vidogo kwa keekee, kuvunja katikati, na kumalizia kwa tupa bamba likiwa kwenye jiriwa. Tundu la bamba liwe kubwa kidogo kuliko la hedi. Likiwa dogo, ukingo wake huuzuia moshi mlangoni.

Kisha mabomba. Bomba la kipenyo cha milimita 38 likikunjwa tupu hujikunja tumbo na kuziba. Kwa hiyo hujazwa mchanga, hushindiliwa, huzibwa kwa vigingi vya mbao, hupashwa moto mahali pa kona mpaka chuma kiwe chekundu, na kukunjwa taratibu kuzunguka kigogo. Hapa pwani ina hila yake. Mchanga wa ufuoni uko kila mahali na ni wa bure, lakini una chumvi na unyevu, na una punje za matumbawe. Unyevu uliofungiwa ndani ya bomba jekundu hugeuka mvuke, nao hurusha kigingi kama risasi. Matumbawe nayo yakipata moto wa kiasi hicho hutoa gesi. Mchanga wa mto uliokaushwa juu ya bati ndio unaotakiwa. Bomba la maji lililopakwa zinki nalo halifai: moshi wake wakati wa kuchomelea huleta homa na mtetemo usiku ule ule, na welda aliyewahi kuugua hasahau.

Kuchomelea hufanywa bamba likiwa limefungwa kwa bolti kwenye hedi mbovu, lisije likapinda. Likipinda, hakuna gasketi itakayoliziba. Manifoldi iliyokamilika huning'inizwa na kupigwa kwa kifundo cha kidole, bomba baada ya bomba. Wengine wanasema wanasikia kama urefu unalingana. Tepu ya kupimia ni salama zaidi.

Adui mkubwa anakuja baadaye, naye ni chumvi. Bomba la chuma cha kawaida linalopata moto na kupoa kila siku karibu na bahari hukauka rangi, hushika kutu na kutoboka. Chuma kisichoshika kutu hupatikana Mombasa, maana vyombo na jikoni za hoteli hukitumia, ila hutanuka kwa joto mara moja na nusu zaidi ya kile cha kawaida. Mabomba yasipoachiwa nafasi ya kucheza pale yanapoungana, hupasuka kwenye maungio. Ndiyo maana wengi wameona heri manifoldi ya bei nafuu inayobadilishwa kila baada ya misimu michache. Kelele nayo ina sheria yake: kanuni za mazingira kuhusu kelele na mitetemo zilitolewa 2009, na bomba tupu lisilo na sailensa ni mwaliko kwa askari.

Kamshafti ni sanaa ya watu wachache zaidi. Ajabu yake ni kwamba ili valvu inyanyuke juu zaidi, fundi haongezi chuma bali anakipunguza. Nundu inayosukuma valvu hupimwa kutoka kwenye mgongo wa mviringo ulioko upande wa pili. Mgongo ukisagwa uwe mdogo, na ncha ya nundu ikiachwa ilivyo, tofauti kati yao inakua. Pengo linalobaki hujazwa kwa fimbo ndefu za kusukuma valvu. Huko California, Ed Iskenderian alijipatia jina baada ya Vita Kuu ya Pili kwa kugeuza mashine ya kawaida ya kusaga kuwa mashine ya kamshafti, na kampuni yake ikawa ya dunia nzima. Hatari ya njia hii ni ngozi ngumu iliyoko juu ya chuma: ukisaga kupita kina chake, nundu huisha katika miezi michache, na unga wa chuma husafiri na mafuta hadi kwenye beringi. Aliyesaga bila kujua ugumu wa chuma anachosaga ameuza saa ya kulipuka.

Mpaka wa kazi za nyumbani uko wapi, basi? Pistoni.

Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660, na mafundi wa jua kali huiyeyusha kila siku kusubu sufuria kwenye kalibu za mchanga. Wengi hutumia pistoni chakavu kama malighafi, kwa hiyo wazo la kuirudisha kuwa pistoni huja lenyewe. Alifanikiwa mmoja, na dunia inamjua. Burt Munro wa New Zealand, aliyezaliwa 1899, alikuwa na pikipiki ya Indian ya 1920. Alisubu pistoni zake mwenyewe katika kibanda chake, akachonga konrodi kutoka ekseli ya trekta la Caterpillar, na mwaka 1967, akiwa na umri wa miaka 68, akaweka rekodi ya dunia ya daraja lake kwenye uwanja wa chumvi wa Bonneville, Marekani, kwa karibu kilomita 296 kwa saa. Lakini kibandani aliweka pia rafu iliyojaa pistoni na konrodi zilizopasuka kwa miaka mingi. Munro hakuwa na haraka, na alivunja vyuma vyake mwenyewe.

Hesabu inatisha. Kwa mizunguko 6,000 kwa dakika, pistoni husimama na kugeuka mara 200 kwa sekunde. Katika injini yenye mwendo wa milimita 81, pistoni ya nusu kilo inapofika juu huivuta konrodi kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani moja, na kufanya hivyo tena sekunde hiyohiyo, mara 100. Chuma kilichosubiwa kwenye mchanga huwa na viputo vya gesi ambavyo jicho halivioni, na ufa huanzia hapo. Sufuria yenye kiputo huvuja mchuzi. Pistoni yenye kiputo hutoboa bloku. Mafundi makini wa Changamwe hukereza bushi za pini na kusawazisha uzito wa pistoni nne kwa mizani ya sonara, wakipunguza gramu moja moja kutoka sehemu ya ndani, lakini pistoni zenyewe huagiza. Vivyo hivyo valvu. Wanaojigamba kuwa wanatengeneza kila kitu ndio wa kuwakimbia.

Soko la kazi hii limebaki hai kwa sababu mbili zinazovutana. Sheria ya Kenya inayozuia kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka minane imeyafanya magari ya kale yaliyomo nchini kuwa hazina isiyoongezeka. Na mwaka 2003, miaka 50 baada ya Safari ya kwanza, zilianza mbio za East African Safari Classic, za magari ya kale, ambazo mara kadhaa zimeanzia au kumalizikia Mombasa, kwenye hoteli za ufuoni. Porsche 911 zilizotengenezwa Ulaya kwa fedha nyingi zimeshinda mara nyingi. Lakini Ian Duncan, Mkenya aliyewahi kushinda Safari yenyewe mwaka 1994 kwa Toyota Celica, alizishinda kwa Ford Mustang mwaka 2009, na tena 2013 kwa Ford Capri Perana yenye injini ya V8. Mbio zinazoishia mjini huleta wageni wanaotafuta, usiku wa manane, mtu wa kukereza bushi au kuchomelea mkono wa ekseli, na si lazima mtu huyo awe ameona Porsche kabla ya siku ile.

Siku injini inapofungwa, hakuna sherehe. Huzungushwa kwanza bila plagi mpaka geji ya mafuta ipande. Ikiwaka, kamshafti mpya haipewi nafasi ya kutulia: hushikiliwa mizunguko 2,000 hivi kwa dakika 20, maana ikiachwa kwenye sailensi nundu na vinyanyuo huchunana kabla havijazoeana. Baadaye gari hupandishwa mlima likiwa limekanyagwa, huzimwa ghafla kileleni, na plagi hutolewa zikiwa za moto. Kaure nyeupe ina maana petroli haitoshi, nyeusi imezidi, na ya hudhurungi hafifu huacha jeti ilivyo. Baada ya kilomita mia kadhaa, hedi yenye gasketi ya aina ya zamani hukazwa tena injini ikiwa baridi. Anayefungua hedi hiyo kwa sababu yoyote ile hununua gasketi mpya, hata kama ya zamani inaonekana haijaguswa, na ni hapo hasa ambapo wenye magari hubishana na fundi kuhusu bei.